Chanjo ya Mbuzi Itangulie Mvua

Mchinga, huku Lindi, si nchi ya farasi, lakini ugonjwa wao una la kutufundisha. Virusi vya West Nile, vilivyotambuliwa Uganda mwaka 1937, huenezwa na mbu, na Marekani farasi huchanjwa kila mwaka. Hata hivyo, damu ya farasi mgonjwa haina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu, hivyo chanjo humkinga farasi mwenyewe tu. Kwa Homa ya Bonde la Ufa mambo ni kinyume. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wagonjwa hujaa virusi, mbu huvichukua, na binadamu huambukizwa hata kwa kuchinja au kumhudumia mnyama aliyetupa mimba. Anayemchanja mbuzi amemkinga mchinjaji pia. Mlipuko wa 2007 ulifika mikoa 10 ya Tanzania na kuua watu zaidi ya 100. Miaka hiyohiyo wafugaji walioondolewa bonde la Usangu walihamia Kilwa na Lindi, wakaingiza ng'ombe kwa wingi katika mwambao uliozoea minazi, korosho na samaki. Hatari tuliyoiona kuwa ya Arusha na Dodoma sasa inatuhusu.

Mfugaji ana haki ya kuuliza kwa nini alipie ugonjwa unaoweza kukaa miaka kumi bila kuonekana. Ukimya huo ndio unaotuponza. Mayai ya mbu aina ya Aedes, mengine yakiwa tayari na virusi, hukaa udongoni miaka mingi yakingoja mafuriko. Mlipuko ukishaanza, chanjo imechelewa: kinga huhitaji siku kadhaa kujengeka, na sindano moja ikipitishwa kundi zima hueneza virusi. Hofu ya mimba kutoka nayo ni ya kweli, kwa maana chanjo ya zamani ya Smithburn husababisha hilo. Dawa yake ni kuchanja majike kabla hawajapandwa, au kutumia chanjo ya virusi vilivyouawa, ingawa hiyo lazima irudiwe. Gharama pia hupungua, maana dozi moja ya chanjo hai hukinga miaka kadhaa. Baadaye huchanjwa hasa wanyama wadogo waliozaliwa. Kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa 2025 tayari inawafikia wafugaji kwa chanjo za homa ya mapafu na sotoka. Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa iongezwe humo, ianzie kwenye makundi ya Kilwa na Lindi, kati ya Juni na Oktoba, mabonde yakiwa bado makavu.