Mafahali Wawili Katika Dirisha Moja: Upachikaji wa Vijenzi Baina ya Maktaba za Violesura

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kijenzi cha maktaba moja ya violesura kinavyopachikwa ndani ya dirisha la maktaba nyingine, na kwa nini kazi hiyo, ionekanayo kuwa nyepesi, huwatatiza watungaji wa programu. Mfano utakaotumika ni wa lugha ya Java, ambayo imekuwa na maktaba zenye misimamo inayopingana.

Hapana budi kwanza istilahi zibainishwe. Kijenzi ni kitufe, menyu, kisanduku cha kuandikia au sehemu nyingine ya dirisha aitumiayo mtu. Kijenzi huitwa asilia iwapo kimeumbwa na mfumo wenyewe unaoendesha kompyuta: mfumo hukitambua, hukichora na kukipelekea habari za kibodi na kipanya. Kijenzi kisicho asilia ni mchoro tu. Maktaba huchora umbo la kitufe ndani ya dirisha lake, na mfumo haujui kwamba hapo pana kitufe.

AWT, iliyotolewa na Sun Microsystems pamoja na Java mwaka 1996, ilitegemea vijenzi asilia. Swing, iliyoingia katika toleo la 1.2 mwaka 1998, ilichagua kujichorea yenyewe. SWT, iliyotungwa na IBM na kutolewa pamoja na Eclipse mwaka 2001, ilirejea kwenye vijenzi asilia. Hivyo, aliyekuwa na jedwali la Swing na kutaka kulitumia ndani ya Eclipse alihitaji daraja. Daraja hilo huitwa SWT_AWT. SWT hutenga eneo katika dirisha lake. AWT huweka fremu yake humo. Vijenzi vya Swing navyo hukaa ndani ya fremu hiyo.

Picha huonekana, lakini mamlaka hubaki yakigombewa. Kwanza, kuna suala la kufunikana. Kwa kuwa kijenzi asilia humiliki eneo lake katika skrini, kilikaa juu ya kila kilichochorwa na Swing, hata menyu ikafunguka na kupotea chini yake. Kasoro hii ilirekebishwa kwa sehemu kubwa katika Java 6, nyongeza ya 12, mwaka 2009. Pili, kila maktaba ina uzi wake wa utendaji, yaani mfuatano wa kazi zifanywazo moja baada ya nyingine. Uzi wa SWT ukisimama kuungoja ule wa AWT, na ule wa AWT wakati huohuo ukiungoja wa SWT, dirisha zima hukwama. Dawa yake ni kila upande kuuachia mwenzake ujumbe na kuendelea na kazi, bila kusubiri jibu. Tatu, kila maktaba huamua yenyewe ni kijenzi gani kipokee herufi za kibodi. Mpakani mwa hizo mbili, herufi zaweza kupotea.

Lipo suala la nne, ambalo huwagusa moja kwa moja wanaojishughulisha na lugha. Kisanduku cha kuchagulia faili katika SWT ni cha mfumo, nacho husema lugha ya mfumo. Kile cha Swing huchukua maneno kutoka katika orodha za Java yenyewe, na Kiswahili hakimo katika orodha hizo. Basi programu iliyofasiriwa kwa uangalifu mkubwa yaweza kuwa na menyu za Kiswahili, na papo hapo kitufe cha kughairi kikaandikwa Kiingereza. Msomaji atamlaumu mfasiri, ilhali kosa limo katika muundo. Swing huruhusu maneno hayo yabadilishwe, mradi mtungaji akumbuke kuyaingiza mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya mfasiri haina budi kuanza kwa kuuliza kila neno latoka maktaba gani.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika upachikaji huweza kukaa, lakini kwa masharti: maktaba moja iwe mwenyeji wa dirisha zima, nyingine ipewe eneo moja lenye mipaka iliyo wazi, na vijenzi vya pande hizo mbili visichanganywe kimoja kimoja. Pale ambapo mipaka hiyo haiwezi kuwekwa, yafaa zaidi kijenzi kiandikwe upya katika maktaba ya mwenyeji.