Mnunuzi Anayelipa Kupita Bei

Ndugu mchoraji, ukiuza picha mtandaoni, mwogope mnunuzi asiyebembeleza bei. Binamu yangu, mwanafunzi hapa London anayechora Tingatinga, aliandikiwa na mtu: mke wangu amependa kazi zako, tunahama, nataka kumpa zawadi bila yeye kujua. Picha ipi? Hakutaja. Ukubwa? Hakuuliza. (Pale Oysterbay, Dar es Salaam, mteja hugeuza picha mara tatu kabla ya kutoa hata shilingi.)

Kisha akaahidi hundi ya pauni 2,400 kwa picha ya pauni 600, ziada binamu amtumie msafirishaji. Hapo ndipo penye mtego. Hundi ya nje huweza kuonekana imeingia kwenye akaunti, kumbe ni feki, na baada ya wiki kadhaa benki ikaikata yote. Uliyomtumia huyo “msafirishaji” ni pesa yako mwenyewe. Tangu Oktoba 7, 2024, benki za Uingereza hutakiwa kuwafidia wengi waliotapeliwa wakatuma pesa, hadi pauni 85,000, lakini si pesa iliyotumwa nje ya nchi.

Nilimwambia binamu amjibu: lipa bei kamili kupitia benki, usafiri panga mwenyewe. Jamaa akatoweka.

Ukishatuma, piga simu 159 mara moja. Benki nyingi za hapa zinapatikana kwa namba hiyo.