Kerneli Haina Kosa, Kagua Butiloda Yako

Hapana, usikompaili kerneli upya. Naandika jibu hili mara moja ili wanaoendelea kuuliza waelekezwe hapa: “Nimeandika butiloda yangu, Linux inaanza kuwaka, kisha inakwama kwenye unknown-block(0,0) kwa sababu haioni root= niliyoipa. Je, nivibandike vigezo ndani ya kerneli?”

Ushauri huo unagawiwa kama dawa ya mitishamba. Jaza CONFIG_CMDLINE, ongeza CMDLINE_OVERRIDE (kwenye ARM ni CMDLINE_FORCE), kompaili, furahi. Mashine kweli inawaka. Lakini kilichopona ni nini? Tarishi akipoteza barua njiani, nawe ukaichora ukutani kwa mpokeaji, tarishi bado ni yuleyule. Hamisha mfumo kwenye diski nyingine, sda2 ikawa nvme0n1p2, unarudi kukompaili. Sahau nenosiri la root, jaribu kuingia kwa init=/bin/sh: kerneli haikusikii, kwa kuwa wewe mwenyewe uliiamuru isimsikilize yeyote. Tena, kwenye x86, anwani ya initrd hupitia hedi ileile inayobeba anwani ya vigezo. Aliyeshindwa kujaza baiti 4 za anwani ya vigezo atazijazaje hizo nyingine? Na ukiacha OVERRIDE, kerneli ya x86 hutanguliza vigezo vyako kisha huunganisha kilichotoka kwenye butiloda, hata kama ni takataka. Hii si tiba, ni kuficha ugonjwa.

Anza kwa kuitoa kerneli kizimbani: iwashe ileile kwa QEMU, ukitumia -kernel na -append. Ikipokea vigezo, kesi imeisha. Mkosaji ni butiloda. Kisha iwashe kwa butiloda yako na usome mstari wa “Kernel command line:”. Usiusubiri kwenye seriali kama console=ttyS0 nayo ni miongoni mwa vigezo vilivyopotea!

Mstari mtupu? Kwenye x86, tangu protokali 2.02, anwani ya vigezo hukaa cmd_line_ptr, ofseti 0x228. Inataka anwani kamili ya memori, si segmenti na ofseti. Nakili hedi kwanza, ndipo ujaze. Ukigeuza mpangilio, unajifutia mwenyewe. Ukiingia kwa biti 32, esi ielekeze kwenye boot_params uliyoijaza, si nakala nyingine. Kwa biti 64 ni rsi. Takataka? Matini ya vigezo imefutwa na kitu kilichoandikwa juu yake, au haina sifuri mwishoni: iweke baada ya hipu ya setup, chini ya 0xA0000. Imekatwa? Kabla ya protokali 2.06 kikomo ni herufi 255; tangu hapo soma cmdline_size. Kwenye ARM kagua r2, kwenye ARM ya biti 64 kagua x0, kisha bootargs ndani ya /chosen.

Ukikwama bado, niletee mstari huo pamoja na baiti 4 zilizopo 0x228. Bila hivyo viwili sijibu.