Kifunguamimba na Wadogo Zake: Je, Uzazi Unaofuata Huwa Mwepesi?

Lugha yetu humwita mtoto wa kwanza kifunguamimba, na wa mwisho kitindamimba. Ndani ya neno lile la kwanza mna imani ya kale: kwamba mtoto huyo ndiye afunguaye njia, na wadogo zake wote hupita njia iliyokwisha kufunguliwa. Kutokana na imani hiyo tunayasikia sana parokiani maneno mawili, hasa vinywani mwa mama wakwe na mashangazi: kwamba watoto wanaofuata huwa wakubwa kuliko wa kwanza, na kwamba mama aliyekwisha kuzaa hasumbuki tena. Maneno hayo si uzushi. Sehemu yake kubwa inathibitishwa na elimu ya tiba. Lakini hitimisho ambalo familia nyingi hulitoa humo, yaani kwamba uzazi wa tatu au wa tano hauhitaji maandalizi kama ya ule wa kwanza, hilo halimo kabisa, na wako akina mama wanaolilipia kwa uhai wao.

Tuanze na uzito. Kwa wastani, mtoto wa pili humzidi wa kwanza kwa gramu 100 hadi 200 hivi, iwapo mimba zote mbili zimetimiza miezi yake. Baada ya hapo nyongeza hupungua, hata tofauti kati ya mtoto wa tatu na wa nne ni ndogo. Mimba ya kwanza huibadilisha mishipa ya damu ya mji wa mimba: hutanuka ili kulilisha kondo la nyuma, na mama akishajifungua hairudi kabisa katika hali yake ya awali. Mimba inayofuata huikuta mishipa hiyo imekwisha kutayarishwa, na hivyo mtoto hupata chakula kwa wepesi zaidi. Katika maeneo yetu yenye malaria nyingi iko sababu nyingine. Vimelea vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, na mwanamke mwenye mimba ya kwanza hana kinga dhidi ya vimelea vya namna hiyo, hata kama amekulia katikati ya mbu. Kinga hiyo huongezeka mimba hata mimba. Ndiyo maana kifunguamimba mara nyingi ndiye anayezaliwa na uzito pungufu.

Hata hivyo wastani ni wastani, haumfungi mtoto yeyote. Mama akishika mimba nyingine kabla mwili haujajirudishia damu na nguvu, mtoto anayefuata aweza kuwa mdogo kuliko kaka yake, au kuzaliwa kabla ya wakati. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu mtoto azaliwe akiwa hai kabla ya kushika mimba nyingine; ukiongeza miezi tisa ya kubeba mimba, watoto wanapishana kwa karibu miaka mitatu. Kwa upande mwingine, mtoto wa kilo nne na zaidi huenda amenenepeshwa na kisukari cha ujauzito, maradhi ambayo hatari yake huongezeka kadiri umri na unene wa mama unavyoongezeka, mambo ambayo kwa kawaida huandamana na uzazi wa baadaye. Nimesikia pongezi nyingi siku za ubatizo kwa mtoto aliyezaliwa na kilo nne na nusu. Ni mara chache nimesikia mtu akiuliza kama mama yake alipimwa sukari.

Sasa tuje kwenye wepesi wenyewe. Ni kweli kwamba mlango wa kizazi uliokwisha kufunguka mara moja hufunguka upesi zaidi safari ya pili, na kwamba misuli ya njia ya uzazi hulegea kwa urahisi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchungu mkali, ukihesabiwa tangu mlango ufikie sentimita 5, kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa anayezaa mara ya kwanza na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Kusukuma mtoto kwa kawaida humalizika ndani ya saa 3 kwa yule wa kwanza na saa 2 kwa huyu wa pili. Hiyo ni mipaka; akina mama wengi wa mimba ya pili na ya tatu humaliza mapema zaidi. Kuchanika nako hupungua. Kinachozidi ni maumivu ya tumbo baada ya kujifungua, hasa mtoto anaponyonya, kwa kuwa mji wa mimba uliokwisha kutanuka mara kadhaa hujikaza kwa nguvu ili urudi mahali pake. Mama anayelia kwa maumivu hayo asiambiwe kwamba amedekezwa.

Lakini wepesi una hatari yake. Katika kitabu cha Kutoka, wakunga Shifra na Pua walimjibu Farao kwamba wanawake wa Kiebrania hujifungua kabla mkunga hajafika. Jibu lile liliwaokoa watoto wachanga. Kwetu linapaswa kutushtua. Mama wa mtoto wa nne anayesubiri nyumbani mpaka uchungu ukolee, kama alivyofanya kwa kifunguamimba, aweza kujifungulia juu ya pikipiki. Aliyezaa mara nyingi ndiye apaswaye kuondoka nyumbani mapema zaidi.

Tena yako mambo ambayo kifunguamimba hakuyafungua. Mifupa ya nyonga ni ileile. Kwamba ilimpitisha mtoto wa kilo mbili na nusu si ahadi kwamba itampitisha wa kilo nne. Kichwa chaweza kutoka na mabega yakakwama. Misuli ya tumbo iliyolegezwa na mimba nyingi humwachia mtoto nafasi ya kugeukageuka, naye huweza kulala kingamo au kutanguliza mkono. Wasomaji wa kitabu cha Mwanzo wanamkumbuka Tamari, ambaye mmoja wa pacha wake alitoa mkono kwanza, mkunga akaufunga uzi mwekundu, kisha mkono ukarudi ndani na ndugu yake akatangulia kutoka. Mambo yalimwendea vyema Tamari. Siku hizi mkono ukitangulia, mahali pa mama huyo ni kwenye chumba cha upasuaji.

La kuogopwa zaidi ni damu. Kondo la nyuma likishatoka, mji wa mimba hauna budi kujikaza ili uibane mishipa iliyobaki wazi. Mji wa mimba uliotanuka mara tano au sita waweza kushindwa kujikaza, na mama akatokwa damu nyingi kwa muda mfupi sana, hasa kama tangu awali alikuwa na upungufu wa damu. Kutokwa damu baada ya kuzaa ndiko kunakoongoza duniani kuua akina mama wazazi. Ipo sindano ya oksitosini, inayotolewa mara mtoto anapozaliwa ili kuusaidia mji wa mimba kujikaza; hiyo iko mikononi mwa mkunga wa zahanati au wa kituo cha afya, wala bibi wa nyumbani hana badala yake, hata awe amewapokea wajukuu ishirini. Kwa sababu hiyo waganga huwatenga katika kundi la pekee wanawake waliokwisha kuzaa mara tano au zaidi, na huwashauri wajifungulie hospitali. Vivyo hivyo aliyewahi kupasuliwa: kila kovu huongeza hatari ya kondo la nyuma kujishika pabaya katika mimba inayofuata, na kovu lenyewe laweza kuachia wakati wa uchungu.

Maandiko Matakatifu hayakutuficha jambo hili. Raheli alikuwa amekwisha kumzaa Yosefu salama. Ni katika uzazi wake wa pili, wakiwa safarini kuelekea Efrata, ndipo uchungu ulipomlemea. Mkunga alikuwapo, akamtia moyo kwamba amepata mtoto mwingine wa kiume, na Raheli akafa. Yakobo akamzika kando ya njia. Kama kufunguliwa njia kungetosha, Benyamini asingekuwa yatima wa mama.

Pengine msomaji atauliza kwa nini padre ayaandike haya badala ya kumwachia mganga. Ni kwa sababu baadhi ya waamini hulitaja jina la Kanisa wanapomkataza mama asimwulize daktari kuhusu mimba nyingine, eti ni upungufu wa imani. Kanisa halifundishi hivyo. Papa Paulo VI, katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 10, anafundisha juu ya uzazi wa kuwajibika, akiwataka wanandoa wazingatie hali ya mwili, ya uchumi, ya nafsi na ya jamii wanapoamua kuongeza mtoto au kusubiri. Na katika namba 16 anaeleza kwamba wakiwa na sababu nzito wanaweza kutumia vipindi vya asili vya mwanamke. Januari 2015, akirejea kutoka Manila, Papa Fransisko aliwasimulia waandishi wa habari jinsi alivyomkemea mwanamke mwenye mimba ya nane baada ya kupasuliwa mara saba, akimwuliza kama alitaka kuwaacha watoto saba yatima. Kumjaribu Mungu si imani. Nanyi akina baba mjue kwamba njia ya asili haiwezekani kwa mke peke yake. Anayeombwa kujizuia ni ninyi pamoja naye.

Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kufanya mengi hapa, kwa gharama ndogo. Kwa kawaida msichana mwenye mimba ya kwanza husindikizwa, huchangiwa, hutafutiwa khanga. Yule wa mimba ya tano huambiwa kwamba yeye ni mzoefu. Nauli ya kumfikisha hospitali usiku na watu wawili wa kumchangia damu wapangwe kwa ajili yake kwanza. Baraka ya mama mjamzito nayo, ambayo padre huweza kuitoa baada ya Misa, haiulizi ni mimba ya ngapi, na sijui kwa nini wazoefu wanaacha kuijia. Kadi ya kliniki ndiyo inayouliza. Hapo mama ajibu kwa ukweli wote, ahesabu na mimba zilizoharibika, na watoto waliofariki, hata wale ambao nyumbani hawatajwi tena, kwa maana hesabu hiyo ndiyo mkunga anayoitumia kuamua mama akajifungulie wapi.