Kura ya Askari Aliye Mbali

Mwaka 2000 George W. Bush alitangazwa kumshinda Al Gore huko Florida kwa kura 537, na kwa ushindi huo akapata urais wa Marekani. Miongoni mwa karatasi zilizogombaniwa zilikuwamo za wanajeshi walioko ng'ambo, waliopiga kura kwa posta. Kanuni ilitaka bahasha iwe na muhuri wa posta unaothibitisha kwamba haikutumwa baada ya siku ya uchaguzi. Barua za jeshini, hata hivyo, mara nyingi husafiri bila muhuri. Basi kaunti moja ikazikataa, nyingine ikazikubali.

Kenya nako karatasi hukataliwa. Kwa kanuni zake, kura iliyoharibika ni karatasi ambayo mpiga kura ameikosea kabla ya kuitumbukiza sandukuni. Huirudisha, akapewa nyingine. Kura iliyokataliwa hugunduliwa wakati wa kuhesabu: haina alama, au imewachagua wawili, au ina maandishi yanayomtambulisha mwenyewe. Wakala wa mgombea asiporidhika husema papo hapo, na msimamizi wa kituo huandika juu ya karatasi kwamba kukataliwa kwake kumepingwa. Maandishi hayo machache ni ya thamani kubwa, kwani jaji huanzia hapo.

Je, iliyokataliwa ni kura? Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi wa urais wa Kenya kwa asilimia 50.07, hesabu iliyojumuisha kura zaidi ya 100,000 zilizokataliwa. Mahakama ya Juu iliamua kwamba hazifai kuingizwa katika kutafuta asilimia hiyo.

Sasa tuje Bangale, katika Kaunti ya Tana River, kwenye barabara ya Mwingi kwenda Garissa. Kijana aliyejiandikisha hapa, kisha jeshi likampeleka Somalia, hana bahasha ya kubishaniwa. Kenya haina kura ya posta. Vituo vya ng'ambo, vilivyoanza 2013, ni vya urais tu; mwakilishi wa wadi yake atachaguliwa bila yeye.

Naona huyu amepoteza zaidi kuliko yule wa Florida. Karatasi ya yule ilikuwepo, ikatetewa. Wa Bangale hakukataliwa na yeyote, kwa hiyo hakuna fomu inayomtaja wala mahakama ya kumsikiliza. Apigie kura kambini, mbele ya maafisa wa tume ya uchaguzi, tarehe ikiandikwa hapo hapo badala ya kusubiri muhuri. Lakini kura hizo zisihesabiwe huko: karatasi mbili tatu za wadi moja zitafichua nani alimchagua nani. Zisafirishwe zikiwa zimefungwa, zichanganywe na za kituo cha nyumbani kabla ya kufunguliwa.