Kwa nini damu ya kundi O si salama kwa kila mgonjwa

Mgonjwa anapohitaji damu kwa haraka, ndugu waliokusanyika hospitalini huulizana ni nani kati yao mwenye kundi O. Swali hilo hutokana na jambo ambalo wengi walifundishwa shuleni, kwamba mwenye kundi hilo anaweza kumpa damu mtu yeyote. Kauli hiyo ni kweli kwa upande mmoja tu. Inazungumzia chembe nyekundu na kuiacha plazma, yaani majimaji ambamo chembe hizo huelea na ambayo hubeba kingamwili.

Makundi ya damu yalibainishwa mwaka 1901 na Karl Landsteiner, daktari wa Vienna ambaye siku yake ya kuzaliwa, Juni 14, ndiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Wachangia Damu Duniani. Chembe nyekundu za kundi A zina alama ya A, za kundi B zina alama ya B, na za kundi O hazina hata moja kati ya hizo. Ndiyo maana kingamwili za mpokeaji hazipati cha kushambulia katika chembe za O. Hata hivyo, mwenye kundi O ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B kwa pamoja. Hazitokani na ugonjwa wowote. Mwili wa mtoto huanza kuzitengeneza katika miezi ya mwanzo ya maisha, unapokutana na bakteria wa tumboni wenye alama zinazofanana na hizo.

Kiwango chake ndicho hutofautiana sana kati ya mchangiaji mmoja na mwingine. Ili kukifahamu, mtaalamu wa maabara huizimua plazma hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa mara mbili ya iliyotangulia: 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea. Kila mchanganyiko hukutanishwa na chembe za A na za B, na hatua ya mwisho ambayo chembe bado zinashikamana ndiyo kiwango cha mtu huyo. Mmoja huishia 1:32, mwingine huvuka 1:512. Jeshi la Marekani, ambalo hutumia damu nzima ya kundi O kuokoa majeruhi vitani, huikubali ile iliyo chini ya 1:256 pekee. Nchini Uingereza, damu iliyopimwa na kuonekana kuwa na kiwango kidogo huwekewa alama maalumu. Hakuna kikomo kimoja kinachotumika duniani kote, kwa kuwa mbinu za upimaji hutofautiana. Aidha, kiwango cha mtu yuleyule kinaweza kupanda baada ya ujauzito au chanjo fulani.

Ukubwa wa hatari hutegemea kiasi cha plazma kinachoingia mwilini. Chupa ya damu nzima yenye mililita 450 huwa na plazma inayozidi nusu ya ujazo huo, ilhali chupa ya chembe nyekundu zilizotenganishwa hubaki na plazma kidogo. Chembe sahani, ambazo husaidia damu kuganda, nazo kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya plazma, hivyo zinahitaji uangalifu uleule. Mtoto mdogo yuko katika hatari zaidi, kwa sababu damu yake ni chache na kingamwili zinazoingia hazipati nafasi ya kuzimuliwa.

Kipimo cha ulinganifu kinachofanywa kabla ya kumwongezea mgonjwa damu hakiwezi kulibaini tatizo hili. Kipimo hicho hukutanisha plazma ya mgonjwa na chembe za mchangiaji. Kingamwili za mchangiaji hazimo. Majibu yanaweza kuonyesha kwamba damu inalingana, na bado plazma ya O ikapasua chembe nyekundu za mgonjwa wa kundi A.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza hospitalini ni kumpa mgonjwa damu ya kundi lake. Kundi O hubaki akiba ya dharura, pale ambapo mgonjwa, mathalani mama anayevuja damu baada ya kujifungua, hawezi kusubiri majibu ya maabara. Hata hapo, chembe nyekundu zilizotenganishwa ndizo hupewa kipaumbele zinapopatikana.

Mgonjwa anayeongezewa damu, au ndugu aliye kando yake, anapaswa kumwita muuguzi mara moja akiona homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au mgongo, kupumua kwa shida, au mkojo uliogeuka kuwa mwekundu au mweusi. Macho kuwa ya manjano yanaweza kuonekana siku chache baadaye, mgonjwa akiwa amekwisharudi nyumbani. Hiyo pia ni sababu ya kurejea hospitalini.

Nchini Tanzania, Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea wachangiaji wa hiari wenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Wanaume kila baada ya miezi mitatu na wanawake kila baada ya miezi minne. Kuwa na kingamwili nyingi si sababu ya mtu kuacha kuchangia. Damu yake ikitenganishwa, chembe nyekundu huweza kumfaa mgonjwa wa kundi lolote la A, B au AB, mradi Rhesus yake pia inalingana, na plazma yake hutengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kundi O peke yao.