Uwakilishi wa Kisheria wa Wanafunzi Wenye Ulemavu katika Migogoro ya Elimu Maalumu nchini Marekani

Makala haya yanafafanua nafasi ya wakili katika migogoro kati ya wazazi wa wanafunzi wenye ulemavu na mamlaka za shule nchini Marekani. Hoja kuu ni kwamba haki ya kuwakilishwa imetamkwa wazi na sheria, lakini manufaa yake hutegemea nani anabeba gharama na nani anatakiwa kuthibitisha.

Msingi wa haki hiyo ni sheria ya mwaka 1975, iliyobadilishwa jina mwaka 1990 kuwa Sheria ya Elimu ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu stahiki bila malipo. Walimu, wataalamu na mzazi huandaa kwa pamoja mpango wa elimu wa mtoto husika, unaoonyesha kiwango chake, malengo ya mwaka na huduma atakazopewa. Wasipoafikiana, mzazi anaweza kuomba shauri lisikilizwe na afisa asiyeegemea upande wowote. Hapo kila upande unaruhusiwa kuwa na wakili, kuleta ushahidi na kuwahoji mashahidi.

Hata hivyo, sheria haimpatii mzazi wakili. Inaitaka tu mamlaka ya shule imjulishe kuhusu huduma za kisheria za bure au za gharama nafuu zilizopo katika eneo lake. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo liliruhusu mahakama kuamuru mzazi aliyeshinda arudishiwe gharama za wakili, baada ya Mahakama ya Juu kuamua mwaka 1984 kwamba sheria haikumpa nafuu hiyo. Lakini malipo hayo huja baada ya ushindi. Mzazi asiye na akiba hulazimika kumpata wakili aliye tayari kusubiri malipo ambayo huenda yasipatikane.

Hukumu mbili zilizofuata ziliongeza ugumu. Katika shauri la Schaffer dhidi ya Weast la mwaka 2005, Mahakama ya Juu iliamua kwamba anayelalamika ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Katika shauri la Arlington dhidi ya Murphy la mwaka 2006, iliamua kwamba mzazi aliyeshinda harudishiwi gharama za wataalamu. Chukulia mzazi anayedai kuwa mwanawe kiziwi hapatiwi mkalimani wa lugha ya alama kwa saa za kutosha. Kumbukumbu nyingi ziko mikononi mwa shule, na walimu wanaomfahamu mtoto ni waajiriwa wa upande wa pili. Mzazi huhitaji mtaalamu wa kujitegemea, ambaye atamlipa mwenyewe hata akishinda.

Mwaka 2007, katika shauri la Winkelman dhidi ya wilaya ya shule ya Parma, Mahakama ya Juu ilitambua kwamba wazazi wana haki zao wenyewe chini ya sheria hii, hivyo wanaweza kufungua shauri katika mahakama ya shirikisho bila wakili. Mlango ulifunguliwa, lakini aliyeingia peke yake bado alikabiliana na wakili anayelipwa na wilaya.

Kutokana na hali hiyo, uwakilishi haupaswi kupimwa kwa kuwapo kwa wakili siku ya shauri pekee. Majimbo kama New York na New Jersey yametunga sheria zinazoiwekea wilaya ya shule jukumu la kuthibitisha, na hivyo kumpunguzia mzazi mzigo. Aidha, mzazi anaruhusiwa kufika kwenye kikao cha mpango wa elimu akiwa na mtu anayemfahamu mtoto au mwenye utaalamu unaohusika. Msaada katika hatua hiyo ni muhimu, kwa sababu yanayoandikwa kikaoni ndiyo yatakayokuwa ushahidi mgogoro ukifika mbele ya afisa msikilizaji.